Miguu Miwili ya Kushoto

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka masikio yangu bado yanapata moto, nayo ndiyo nataka kukupa, mwanangu Riziki, kabla hujachana daftari lingine.

Usicheke kwa kuwa nimekuita mwanangu. Najua mimi ni dada yako, na miaka tuliyopishana haifiki kumi. Lakini nimebeba jina la bibi yetu Mwamini, na kwetu hapa Kasongo mtu akibeba jina la mkubwa amebeba na kiti chake. Baba mwenyewe ananiita Mama. Bibi ananiita somo. Kwa haki kabisa, kama baba yako ni mwanangu, wewe ni mjukuu, nimekupunguzia. Naandika kwa sababu mdomo wangu unajua kufungwa kuliko kufunguliwa. Mbele ya watu maneno yananikwama kama mfupa wa samaki. Kwenye karatasi hayakwami.

Mwaka jana nilikuwa darasa la tano la ushonaji. Kazi ya mikono ya mwisho wa mwaka ilikuwa jozi ya soksi, kila mwanafunzi afume zake, azipeleke mbele ya juri ya walimu watatu. Ukianguka kwenye kazi ile, unarudia mwaka. Na wewe unajua neno la baba mdogo, yule wa Kabambare mwenye duka la kuuzia wachimbaji wa dhahabu, maana ndiye anayenisomesha. Alilisema akiwa amekaa juu ya pikipiki, hata hakushuka: "Mutoto akirudia mwaka, pikipiki inamuleta huku, anasimama nyuma ya meza. Masomo iko ya wenye kupita." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimeshaiona ile meza, na wanaume wanaoegemea pale wakimuuliza msichana jina lake mara tatu. Mimi nisiyeweza kujibu hata mara moja.

Kwa hiyo nilifuma. Baba alininolea spoki nne za baiskeli kwenye jiwe mpaka zikawa sindano, na uzi niliutoa kwenye triko, sweta kuukuu la bluu la mitumba, nikalifumua lote. Uzi wa kufumua una mafundo mengi, kila ulipokatika unaufunga. Soksi ya kwanza niliifuma kama Madamu alivyotufundisha, kisigino, unyayo, ncha moja ya mviringo. Ilikuwa nzuri. Nikampelekea Bibi aijaribu.

Miguu ya Bibi unaijua. Imevimba, kiatu hakiingii tena, ni kandambili tu. Na asubuhi za kiangazi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa, yeye ndiye wa kwanza kutoka uani kutandaza mpunga na kuugeuza kwa miguu, kwenda na kurudi, na baridi inampanda mpaka magotini. Alivaa soksi yangu, akaingiza kandambili. Ule mkanda wa katikati ukaikunja soksi ikawa donge kati ya vidole. Alipiga hatua tatu, kandambili ikabaki nyuma, akayumba, akashika ukuta.

"Soksi iko nzuri, somo," akasema. "Tatizo ni mguu wangu."

Nililala na neno lile. Nikajiuliza, mguu una tatizo gani? Mguu ulikuwepo kabla ya soksi. Asubuhi nikaifumua, nikaanza nyingine. Nilipofika kwenye vidole nikagawa vitanzi: kumi na vinne vya dole gumba vikae kwenye sindano, vingine nikavipitisha kwenye kipande cha uzi visubiri zamu yao. Nikafuma kijumba cha dole gumba, kisha kijumba kikubwa cha vile vidole vinne vingine. Katikati pakabaki njia ya mkanda. Sikuwa nimeona kitu kile popote, mwanangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Darasani nikaitoa. Furaha, yule anayekaa mbele yangu, akaiinua juu ili wote waone.

"Jamani, Mwamini amefuma nini? Hii soksi ama kwato?"

"Ya mbuzi," mwingine akajibu kutoka nyuma. "Sasa anatafuta yenyewe iko wapi."

"Mbuzi iko na miguu ine. Bado tatu, Mwamini, fuma mbio."

Madamu hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Aliigeuza mkononi, akasema taratibu: "Programu inasema soksi. Soksi iko na ncha moja. Mimi sikukatazi, ila juri haitakuwa mimi peke yangu." Nikainamisha kichwa. Ningesema neno la bibi yangu na kandambili yake, lakini mfupa wa samaki ulikuwa mahali pake.

Nikaendelea nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Na hapa ndipo kosa langu lilipoingia, kosa ambalo mwenye kufuma soksi za kawaida hawezi kulifanya hata akitaka. Soksi ya ncha moja haina kushoto wala kulia. Ukifuma mbili zilizo sawa, umemaliza. Mimi nikafuma mbili zilizo sawa. Nikazilaza juu ya mkeka, zimebaki siku tatu kufika juri, nikaona madole gumba yote mawili yanatazama upande mmoja. Nilikuwa nimefuma miguu miwili ya kushoto.

Sikulia. Nilifanya jambo baya kuliko kulia: nikawa mjanja. Soksi ukiigeuza ndani nje, ya kushoto inakuwa ya kulia. Nikaigeuza moja. Mafundo yote ya uzi yaliyokuwa yamejificha ndani yakatokea nje, kama vipele. Nikachukua mkasi nikayanyoa moja moja mpaka usawa wa uzi. Ukitazama mbio mbio, huoni kitu. Wazee walishasema, mficha uchi hazai, lakini mimi siku hiyo sikuwa natafuta wazee.

Kesho yake Bibi akazivaa zote mbili, akashuka uani kwenye mpunga. Kandambili ilikaa. Akageuza safu ya kwanza, akageuza ya pili, anaimba kidogo, hakuyumba hata mara moja. Nikaona furaha inanipanda. Kwenye safu ya tatu akasimama, akatazama chini. Dole gumba la kulia lilikuwa limetoka nje, na nyuma yake uzi wa bluu umejivuta juu ya mpunga, mrefu. Fundo lililonyolewa halina cha kushikia.

Bibi akakaa kwenye kigoda, akaivua, akaichungulia ndani, akaichungulia nje. Yeye hafumi, ila kwao Nyangwe alisuka mikeka toka utoto, na jicho la msusi halidanganyiki.

"Somo. Hii uliigeuza."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote kwa pamoja, maneno yakakimbia kama kuku waliofunguliwa banda. Miguu miwili ya kushoto, kwato, mbuzi, programu, meza ya Kabambare. Nikamwambia basi, nimechoka, nafumua zote mbili, nafuma soksi za kawaida kama watu wengine, siku mbili zinatosha. Na wakati nasema mkono wangu ulikuwa tayari umeikamata ile ya kulia, navuta uzi, unatoka trrr, trrr. Ilipoisha nikainama kuishika ya kushoto mguuni mwake.

Bibi akaurudisha mguu nyuma, akaukanyagisha chini.

"Unafumua kosa," akasema, "ama unafumua kicheko cha wale watoto?"

Nikautazama ule mguu.

"Hii ya kushoto iko na kosa gani?"

"Haina."

"Mguu wangu umeyumba?"

"Haujayumba."

"Basi acha mguu wangu." Akanitazama, na macho yake hayakuwa na upole wa kila siku. "Mukeka ukipinda safu moja unafungua safu moja. Anayefungua mukeka wote, yule hasuki tena, yule anaomba musamaha kwa wapita njia. Na mimi jina langu sikukupa ulitembeze unaomba musamaha."

Mwanangu, nimechapwa mara chache maishani, na hakuna fimbo iliyoniingia kama ile. Kuteleza si kuanguka, lakini mimi niliteleza kisha nikataka kulala pale pale.

Nikakaa nikafuma mguu wa kulia upya, dole gumba upande wake, mafundo ndani na mikia yake mirefu. Uzi wa bluu ukaisha kabla ya kufika mwisho, maana vile vipande nilivyonyoa havikufungika tena. Nikafumua kofia yako ya utotoni, ile ya njano, unisamehe. Ndiyo maana soksi ya kulia ya Bibi ina dole gumba la njano. Ningeweza kutafuta bluu kwa majirani. Sikutafuta.

Siku ya juri tuliitwa mmoja mmoja mbele ya darasa zima. Nikaziweka mezani. Nyuma yangu nikasikia mtu analia mee, pole pole. Mwalimu mmoja wa juri, mzee mwenye miwani, akauliza: "Za kawaida ziko wapi?"

"Sina."

"Na hii ya njano?"

Hapo ningesema ni urembo. Nikasema: "Nilifuma miguu miwili ya kushoto. Moja nikaifumua. Uzi haukutosha."

"Sasa huu mgawanyiko ni wa nini?"

Mfupa wa samaki ukaja. Nikangoja uondoke, haukuondoka. Kwa hiyo nikavua viatu vya shule. Nikazivaa soksi za Bibi pale mbele ya watu wote, nikatoa kandambili zake kwenye mfuko, nikaziingiza, nikatembea. Nilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, kati ya madawati, mbele ya Furaha na yule wa mee, nikageuka, nikarudi. Mguu mmoja bluu, mwingine na kichwa cha njano. Walicheka nikienda. Nikirudi walicheka pia, nisikudanganye, ila kicheko kilikuwa chembamba. Nikasimama mbele ya meza, sauti ikatoka yenyewe.

"Bibi yangu hana kiatu kingine. Soksi ya ncha moja inamwangusha. Mkinipa sifuri, yeye atazivaa hizi hizi."

Hawakunipa sifuri. Walinipa alama ya kupita, ile ya chini kabisa, na Madamu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haikufuata mfano. Karatasi ile ninayo, nimeibandika kwenye jalada la daftari hili, ndani. Niko darasa la sita, na ile meza ya Kabambare inanisubiri bure. Furaha mpaka leo ananiita Mbuzi. Siku hizi naitika.

Sasa turudi kwako. Jana umerudi na daftari la michoro limechanwa, umelichana kwa mkono wako, eti walicheka kuku wako. Nilivikusanya vile vipande, nikaviunga. Kuku ana miguu mitatu, mwanangu. Hilo ni kosa, wala sitakuficha. Lakini mguu mmoja wa kufuta ni kazi ya ufutio, na wewe umeua kuku mzima, na nyumba iliyo nyuma yake, na Bibi anayegeuza mpunga, ambaye ulimchora vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nasaha yangu ndiyo hii. Kosa lako likiri na ulitengeneze, bila kuligeuza ndani nje na bila kulinyoa mafundo. Kicheko cha watu si kosa lako, usikitengeneze. Na kabla hujafumua kitu, uliza kwanza mguu unaokivaa, usiulize mdomo wa mpita njia.

Mungu aibariki mikono yako, Riziki binti wa Baba, mjukuu wa Mwamini mkubwa na mwana wa Mwamini mdogo. Na siku atakayokusimamisha mbele ya wenye kucheka, akupe miguu ya kwenda mpaka ukutani, na akupe miguu ile ile ya kurudi.