Kamba Aliyonishikisha Nasimiyu

Ukitaka kusema nimetunga, sema, lakini kwanza njoo nikuonyeshe viganja vyangu. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Nililelewa nyuma ya msikiti pale Kitale, nikafundishwa kwamba aliyekufa ameondoka, na sikuwahi kuogopa giza wala makaburi. Tena jambo lenyewe halikutokea gizani. Lilitokea saa kumi alasiri, nikiwa na akili zangu zote, nyumbani kwa rafiki niliyekwenda kumfariji.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zinaanza kuenea. Tulikuwa watu tisa pale mjini tuliopenda kupanda majabali. Mimi nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo dukani. Kiongozi wetu, Kiprop, alikuwa mwalimu. Aliyetushinda wote kwa kupanda ni Barasa, fundi wa umeme kutoka Bumula, na mwenzake wa kamba alikuwa mkewe, Nasimiyu. Kila Jumapili tulikwenda upande wa Endebess, ambako kuna kuta za mawe ndefu kuliko jengo lolote la Kitale.

Nikueleze tulivyofanya, usije ukapotea. Mmoja hukaa juu, amejifunga kwenye mti, na kamba inapita mikononi mwake. Mwenzake yuko chini, ncha ya kamba hiyo imemfunga kiunoni. Kabla hajaweka mguu kwenye jiwe, anauliza kwa sauti, "Umenishika?" Wa juu akiwa tayari anajibu, "Nimekushika, panda." Bila jibu hilo hakuna anayepanda. Tuliyasema maneno hayo mara nyingi mno, mpaka yakawa yanatoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia hodi.

Jumapili hiyo Barasa aliuliza, Nasimiyu akajibu, Barasa akapanda. Alikuwa karibu kufika juu mguu ulipoteleza. Kamba ilipaswa kumzuia na haikumzuia. Mimi nilikuwa chini, hatua chache tu kutoka pale alipoangukia. Kishindo kile sitakuelezea.

Tulimzika kwao Bumula. Ndugu zake walikuwa na maswali, na yote yalimwelekea mjane. Sisi wapandaji tukasimama upande wake kama ukuta. Tulisema jiwe lilikuwa na maji, tukasema kamba ilimponyoka. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake Barasa, mbele ya watu wote, "Mama, alimshika mpaka ngozi ya mikono ikatoka." Sikuwa nimeiona mikono ya Nasimiyu. Nilisema tu, kwa sababu nilimpenda.

Tuliporudi Kitale tulikubaliana kwamba asikae peke yake. Kila mmoja wetu angekaa kwake wiki moja, ampikie, amsemeshe. Nasimiyu alikuwa hali kitu. Anashika kijiko, anakiangalia, anakirudisha. Lakini unajua nini? Wenzangu hawakumaliza wiki. Wa kwanza alikaa siku mbili, akasema ati mtoto wake ana homa. Wa pili hakutoa hata sababu. Kiprop mwenyewe aliondoka siku ya tatu, ati mitihani. Niliwakasirikia sana. Marafiki gani hawa? Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na godoro langu.

Siku ya kwanza nilikuwa jikoni, sikuona lolote. Siku ya pili, alasiri, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati mpaka tukawa tunasemeshana kwa kupaza sauti. Nilikuwa nimempakulia wali na maharagwe, na kama kawaida hakuugusa. Mara akainama, akavuta kamba kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa kamba ile ile. Kiprop alitaka ichomwe, mjane akakataa.

"Dada," akaniambia, "si unishikie hapa kidogo niikunje. Kiprop atakuja kuichukua."

Nilifurahi. Nilidhani hatimaye ameanza kumwachilia mumewe aende. Nikaishika. Yeye akachukua ncha ya pili, akaiweka sakafuni taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mvua ikanyamaza ghafla, kama mtu amefunga bomba.

Ndipo nikaisikia sauti. Ilitoka chini ya simiti, mbali sana chini, kama mtu aliye bondeni.

"Umenishika?"

Niambie, wewe ungefanya nini? Miaka mitatu nimeitikia swali hilo kila Jumapili. Mdomo ulijibu kabla ya kichwa.

"Nimekushika, panda."

Kamba ikakaza. Ile ncha iliyokuwa sakafuni ikazama ndani ya simiti kama inavyozama ndani ya maji, na uzito wa mwanaume mzima ukanivuta nikapiga magoti. Niamini, nilisikia viatu vikitafuta pa kukanyaga. Nilisikia pumzi.

"Nasimiyu, ni nini hii?"

"Ni Barasa," akasema.

Akaenda mezani, akavuta kiti, akaanza kula. Mtu ambaye hakuwa amekula chakula cha maana karibu mwezi mzima alikula wali ule kwa mkono, haraka haraka, na mimi niko chini navutwa. Alinieleza huku anatafuna.

"Siku ile aliniuliza, nikamwambia nimekushika. Nilikuwa nafunga kiatu. Nilijua ni dakika moja tu, na Barasa haangukangi." Akameza. "Sasa kila saa kumi anauliza tena. Nikimjibu haniamini. Anataka mtu mwingine."

"Kwa nini mimi?"

"Wenzako walisikia wakanyamaza. Nilijua wewe huwezi. Wewe uko na huruma."

Akalamba kiganja. Kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo.

Kule chini sauti ilikuwa imekaribia. "Dada, ni wewe? Usiniachirie, dada. Nimekaribia." Hivyo ndivyo Barasa alivyosema neno hilo siku zote, achiria, nasi tulizoea kumcheka. Nilijitahidi. Mungu ni shahidi, nilishika mpaka nikaona damu inadondokea gauni langu. Halafu kamba ikanichoma, ikapita, ikaenda.

Kishindo kile cha Endebess nilikisikia tena, safari hii chini ya miguu yangu. Nasimiyu hakugeuza hata shingo.

"Pole," akasema, akifuta sahani. "Kesho atarudi."

Nilikwenda kwa Kiprop nikiwa nimefunga mikono kwa leso. Nikamuuliza kama alijua. Akasema ndiyo, alisikia siku ya kwanza tu.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?" akanijibu bila aibu. "Na mtu ilikuwa lazima akae na yeye, bana."

Nilihama Kitale. Nilikwenda kwa kaka yangu anayelima mahindi huko Tongaren, nikidhani umbali ni dawa. Alasiri ya kwanza nikiwa shambani swali lilitoka chini ya udongo. Ustadh alinisomea siku saba, akaniambia ukweli kwamba hajui nina nini. Hospitalini Bungoma daktari aliangalia viganja akauliza ni kazi gani ninayofanya na kamba, maana vidonda vinafunguka upya kabla havijapona.

Nasimiyu ameolewa tena, anakaa Bungoma mjini, amenenepa, ana mapacha. Tukikutana ananisalimia vizuri.

Mimi sijaolewa. Nani atamvumilia mwanamke ambaye kila alasiri anakimbilia chumbani na kufunga mlango? Sala ya alasiri siiwezi tena kwa wakati wake. Nikinyamaza, Barasa analia kule chini mpaka magharibi, anataja jina langu, anaomba kama mtoto. Nikimjibu, kamba nisiyoiona kwa macho inakuja mikononi, namvuta, na karibu na juu inaniponyoka. Basi kila siku nachagua: nimsikie akilia au nimsikie akianguka.

Na sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia kaka yangu. Mwaka jana nilimwomba jirani, mama mzuri wa kanisani, anishikie kamba ya kuanikia nguo saa kumi. Nilijua ninachokifanya. Alishika, akaangalia mawingu, hakusikia chochote. Nikaelewa kwamba Barasa haulizi kila mtu, anawauliza waliozoea kumjibu.

Wapandaji wale wengine sita bado wapo. Watatu wako Kitale, mmoja anafanya biashara Suam, wawili wako huku huku Bungoma. Nimeulizia kwao, najua njia za kwenda. Kwa hiyo onyo langu si la kila mtu. Kama uliwahi kupanda pamoja nasi, na siku moja umeniona nimesimama mlangoni pako alasiri, nimechoka, nakuomba unipokee mzigo kidogo, usinihurumie. Funga mlango.