Barua Niliyoacha Kuipitia

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Malindi. Alasiri alikuwa akinakili vitabu na kuwaandikia watu barua. Mungu alimpa watoto wawili, wote wasichana. Dada yangu hakuipenda kalamu, yeye raha yake ilikuwa kushona kofia, basi mambo yote ya wino yakaniangukia mimi.

Nikimaliza kuandika ukurasa, nilimpelekea mbio.

"Umekwisha?" huniuliza.

"Nimekwisha, baba."

"Hujakwisha. Umeandika tu. Haya, pitia."

Kupitia, kwake, kulikuwa kuyasoma maandishi taratibu toka mwanzo, kidole juu ya karatasi, kama mtu asiyejua kilichoandikwa. Baada ya kupitia kulikuja kukosoa, yaani kuonyesha kosa lilipo. Kisha kusahihisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi hasa. Alikuwa akiniambia kuwa wakosoaji mji mzima wamejaa, ila anayekaa chini akasahihisha ni mmoja mmoja. Kitabu cha kunakili kilikuwa na jambo la nne, kulinganisha: yeye anasoma asili kwa sauti, mimi nafuata kwenye nakala, na pale neno lilipoachwa tunaliandika pambizoni. Mama hakujua kusoma, lakini naye alikuwa na neno lake. Akiniona nakunja barua huuliza, "Umeichambua?" kwa sauti ile ile aliyoulizia mchele.

Mwaka dada alioposwa mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikwisha jiona bingwa. Zilibaki wiki tatu harusi ifike. Baba alikuwa Mambrui, ameitwa kunakili kitabu cha mzee mmoja huko. Nyumba imejaa mashangazi na makhalati, dada zake mama, kila mmoja ananituma. Asubuhi moja mama akasikia kwa mwanamke aliyeleta mahindi kutoka bara kwamba karibu na shamba la mjomba wangu, ndani kabisa nyuma ya Matsangoni, ametokea fundi anayechonga makombe ya mti, mapana, ya kupakulia pilau ya watu wanane. Mama akafurahi mno.

"Mwandikie mjomba wako sasa hivi, huyu mama anaondoka. Mwambie atuletee makombe kumi."

Nikaandika kwa kusimama, karatasi juu ya sanduku: salamu, kisha, "Harusi i karibu, tafadhali tuletee makombe makubwa kumi." Yule mama alikwisha jitwika kapu lake. Nikakunja, nikampa. Sikupitia hata mstari mmoja.

Sisi wakati ule tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi ya be ilibeba b, ikabeba p, ikabeba na mb. Na o na u hazikuwa na tofauti. Ndiyo maana baba alinifundisha kutanguliza herufi ya mim ndogo kila penye mb, msomaji asipotee. Kwa haraka zangu mim ile niliiacha. Na neno makombe, ukiliondolea mim, linasomeka makobe.

Baada ya siku nane likaja jibu. Nilimsomea mama na makhalati wakiwa wanachambua viungo.

"Makombe saba wamekwisha patikana," nikasoma, be yake nikiipa mb kama nilivyotarajia. "Watatu wanatafutwa. Wote wanakula vizuri, ila mmoja ni mkali."

Mama akaacha iliki. "Kombe kali?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Labda ukingo wake haujalainishwa," akasema khalati mmoja.

"Na hiyo ya kula?" akauliza mama.

Nikasema mjomba amezeeka, siku hizi kalamu inampotea. Nilisema hivyo mimi, bila haya, na wote wakatikisa vichwa kumsikitikia.

Siku moja kabla ya harusi, jua limepanda kidogo tu, tukasikia punda mlangoni. Mjomba mwenyewe, mavumbi mpaka kwenye kope, na punda wawili wamebeba matenga yaliyofunikwa majani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidieni kuwashusha. Wamechoka."

Mama alikuja na vitambaa vya kufungia makombe yasipate mikwaruzo. Mjomba akafunua majani. Kobe mmoja akatoa kichwa, akamtazama mama, akakirudisha.

Mama akauliza polepole, "Kaka, hawa ni nini?"

"Makobe. Wamefika tisa. Wa kumi tulimpata, akatutoroka karibu na mto." Mjomba alisema kwa fahari ya mtu aliyetimiza. "Kijiji kizima kimenisaidia. Nikajua bibi harusi amekumbuka yule kobe niliyemletea utotoni, anataka kuhamia kwa mumewe na kobe wengine kama yule."

Akatoa barua yangu kifuani. Niliisoma na damu ikanipanda masikioni: makobe makubwa kumi, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Aliyeanza kucheka ni dada. Alitoka chumbani, mahali ambapo bibi harusi hatakiwi kutoka, na liwa ya unga wa msandali usoni, akaona matenga, akakaa chini pale pale ukumbini akicheka hata liwa ikapasuka. Mama akafuata. Makhalati wakashikana mabega. Mjomba, alipoelezwa, alicheka mpaka akaomba maji.

Habari ikafika duka la jirani yetu Mhindi kabla hatujafuta machozi. Mkewe akaja na binti zake, wamebeba masinia ya shaba kumi na mawili, yanang'aa.

"Haya hayaumi," akatuambia, nasi tukaanza kucheka upya.

Pilau ililiwa kwenye shaba. Makobe walikaa uani wakila mchicha, na wanawake waliokuja kuimba waliwatungia wimbo siku ile ile. Mjomba aliondoka nao akawaachilia njiani.

Baba alirejea jioni ile ya harusi, kabla tu ya nikaha, akasimuliwa na watu sita njiani kabla hajanifikia. Nilingoja kugombezwa. Akanisalimu tu, akaenda kula.

Kesho yake aliniita barazani. Mbele yake palikuwa na kurasa alizonakili Mambrui.

"Kaa. Pitia hizi."

"Zako, baba?"

"Zangu. Ukiona kosa, kosoa, usinionee haya. Kisha sahihisha."

Hakuwahi kunipa maandishi yake kabla ya siku ile. Nilisoma asubuhi nzima, kidole juu ya karatasi. Ukurasa wa tisa niliona mstari mmoja umeandikwa mara mbili. Nilirudia mara tatu, kisha nikamwonyesha. Akausogeza karibu na macho, akautazama kitambo. Uso wake ukachanua kama wa mtoto aliyepewa halua.

"Mama watoto!" akaita ndani. "Njoo uone, amenikamata!"

Mama akatoka na mwiko mkononi, na baba akamwonyesha kosa lake mwenyewe kwa furaha, kidole kikienda mstari huu na huu, ingawa alijua mama hasomi. Kisha akanipa kalamu, akanisogezea na wino.