Nilimpigania aingie shule ya kawaida, sasa anataka kutoka

Admin, nisitirie jina, Gisenyi ni mji mdogo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, tunakaa Nengo. Kila asubuhi navuka mpaka kwenda Goma kuuza karoti na vitunguu, narudi mchana. Mume wangu ni fundi ujenzi Kigali, anakuja mara mojamoja. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi na moja. Hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo.

Alipofika umri wa kuanza shule, mwalimu mkuu wa shule ya karibu alinirudisha. Nikaenda tena, akanirudisha tena. Mimi nimekulia Congo, kusukumwa mlangoni nimezoea, nikapanda hadi kwa viongozi wa serikali wa sekta yetu mpaka wakasema mtoto huyu atasoma na wenzake. Siku hiyo nililia kwa furaha. Nawaambia ili mjue kwamba kulia naweza, ila sasa hivi machozi hayaji.

Akawa anapanda darasa. Nikiuliza maendeleo yake, mwalimu ananiambia, "Mama, mutoto wako iko muzuri. Hasumbui mutu, na anaandikaka kupita benzake." Wageni wakija shuleni anaitwa mbele aandike ubaoni, wote wanampigia makofi. Nami nilitembea kifua mbele, nisiwadanganye.

Mwezi uliopita nilihitaji chumvi. Nyumbani tunaelewana kwa ishara zetu wenyewe, lakini siku hiyo nikasema, si anasoma, ngoja nimwandikie. Nikaandika mlangoni kwa chaki, kwa Kinyarwanda: zana umunyu, lete chumvi. Akautazama mlango, akanipokonya chaki, akanakili maneno yaleyale chini ya yangu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kisha akageuka, akasubiri nimpigie makofi. Nikaandika "maji". Akanakili. Nikaandika "kaa chini". Akanakili, amesimama. Nikapiga makofi, sikujua nifanye nini kingine. Chumvi nilienda kuinunua mwenyewe.

Tangu hapo nimekufa ganzi. Navuka, nauza, narudi. Mteja akinitukana namwangalia tu.

Nilimfuata mwalimu, wala hakubisha. Alisema watoto ni wengi, lugha ya alama haijui, hakuna aliyemfundisha. Maksi alikuwa anampa kwa ajili ya mwandiko ili asirudie darasa akaona aibu. Simchukii. Alimhurumia, basi.

Jumapili moja baada ya hapo tulienda misa Nyundo. Nje ya kanisa kulikuwa na watoto viziwi na mlezi wao, waliokuja matembezi kutoka shule yao ya bweni iliyo mbali na huku. Mikono yao ilikuwa inakwenda mbio kama watu wanaogombana. Binti yangu akawasogelea. Kabla hatujaondoka alikuwa anacheka kwa sauti, na kicheko kile nyumbani kwangu sijawahi kukisikia. Mlezi akaniambia nafasi ipo muhula ujao, ila mtoto atakuwa anakuja nyumbani likizo tu. Sasa kila jioni binti yangu ananivuta mkono na kunionyesha njia ya Nyundo.

Mume wangu kwenye simu amesema nitakaloamua ndilo hilo. Lakini habari imesambaa. Kuna mama mwenzangu, mtoto wake anatumia kiti cha magurudumu, alipokelewa shule ile baada ya wangu. Alikuja kwangu, hata kukaa akakataa.

"We ndiye ulitufungulia mulango," akasema. "Ukimutoa wako, watasema na wangu iko na shule yake kule mbali. Mi nitamupeleka wapi?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani, tukaagana kama watu wa msibani.

Leo nimerudi kutoka Goma nimemkuta binti yangu amekunja nguo zake zote, amezipanga kwenye begi la baba yake. Sare ya shule ameiacha kwenye msumari. Begi liko mlangoni mpaka sasa ninapoandika, na yeye amelikalia.

Wenye watoto kama wangu ndio naomba mnijibu, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akienda, nyumba inabaki tupu, na mtoto wa mwenzangu sijui atalindwa na nani. Akibaki, ataendelea kunakili. Nishaurini, nimwache aende, au nilifungue hilo begi nizirudishe nguo zake?