Albamu Isiyokuwa na Besi

Jumamosi hiyo nilikuwa wa kwanza kutoa maoni. Albamu ilikuwa chaguo la fundi, na kanuni yetu ni kwamba aliyechagua husema wa mwisho. Nikawaambia kwamba magitaa yamepigwa kwa ustadi na mwimbaji ana koo la kuogofya, lakini albamu nzima haina besi.

"Mtu ameiondoa," nilisema. "Imebaki kama nyumba isiyo na msingi. Sijui kwa nini umetupa wiki nzima tusikilize kitu kilichokatwa miguu."

Fundi aliiweka chini simu aliyokuwa akiifungua. Afande, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka akidhani natania.

"Mwalimu, hapana," fundi akasema. "Besi iko. Iko mingi hata inasumbua."

"Haiko."

"Ati haiko? Mimi hii albamu nimeichagua sababu ya hiyo besi."

Tulibishana alasiri nzima. Kubishana ndiko kulikotukutanisha, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika kidogo, nikijiambia kwamba fundi amezoea spika mbovu za dukani kwake na hajui tena muziki uliorekodiwa vizuri unasikikaje.

Tulikuwa watatu tu. Fundi alikuwa na duka la kutengeneza simu kwenye orofa ya kwanza ya jengo moja katikati ya mji wa Nyeri. Ni mzaliwa wa hapa, mtu mwembamba ambaye huongea bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Afande alikuwa konstebo kutoka magharibi mwa nchi. Alipoletwa kufanya kazi huku alikuja na sanduku la nguo na hedifoni kubwa kama za rubani. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa nje kidogo ya mji. Nilimpelekea fundi simu iliyozimika, na alipoiwasha ilianza pale pale ilipokuwa imekatikia, katikati ya mngurumo wa magitaa na mtu anayepiga mayowe. Nilitamani sakafu inimeze. Fundi alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Hii ni albamu yao ya pili. Ya kwanza ilikuwa kali zaidi." Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Afande alikuja baadaye, kwa sababu alisikia tukibishana akipita kwenye ngazi.

Kwetu mtu akisema anapenda muziki wa metali, watu huwaza damu ya mbuzi na makaburi. Kwa hiyo hatukuutangaza. Kila wiki mmoja wetu huchagua albamu, wote tunaisikiliza, na Jumamosi alasiri tunakaa juu ya stuli dukani na kuichambua wimbo kwa wimbo. Watu wameniuliza naona nini katika kelele hizo. Mwalimu hulazimika kuwa mpole tangu asubuhi hadi jioni, kwa wanafunzi, kwa wazazi, kwa mkuu wa shule. Muziki ule ulikuwa na hasira niliyokuwa nayo na nisiyokuwa na mahali pa kuiweka. Na chini ya hasira hiyo palikuwa na besi, kitu kizito kinachotembea taratibu, kama mtu mzima katikati ya watoto wanaopigana. Nilikuwa nikiisubiri hiyo kila mara.

Baada ya albamu ya fundi ilikuja ya afande, ya bendi moja ya Nairobi. Nikasema ngoma ya mguu inasikika kama vidole vinavyogonga meza. Wiki iliyofuata, yangu mwenyewe, albamu niliyoijua tangu chuoni, ilisikika kama imefunikwa na blanketi. Nikalaumu hedifoni. Nilinunua nyingine. Nikalaumu simu.

Huku nyuma kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaunganisha. Wanafunzi wa nyuma walianza kusema, "Mwalimu, ongeza sauti," ilhali mimi nilijiona napiga kelele. Katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aliyekaa upande wangu wa kushoto alinuna siku kadhaa kwa sababu nilikuwa simjibu. Lakini sokoni, kwenye vurugu ya watu na redio, nilisikia vizuri kabisa, kwa hiyo wazo la kwamba masikio yana kasoro halikunijia. Usiku kulikuwa na mlio mwembamba kichwani. Nilidhani ni uchovu.

Afande ndiye aliyelimaliza jambo. Jumamosi moja alimwomba fundi aunganishe simu na spika kubwa iliyokuwa chini ya kaunta, akaweka wimbo, akaniita.

"Mwalimu, weka mkono hapa."

Nikauweka juu ya ubao wa spika.

"Unasikia nini?"

"Magitaa. Na sahani za dramu."

"Na mkono unasikia nini?"

Mkono ulikuwa ukitetemeka. Kitu kizito kilikuwa kikitembea ndani ya ubao ule, kinapanda kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko, na masikioni mwangu hakikuwepo. Nilimwangalia fundi. Alikuwa ameinua macho, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na kwa namna alivyokuwa akiniangalia nilijua kwamba walikuwa wamelizungumza hili kabla sijafika. Nilichukua mkoba wangu nikatoka bila kuwaaga. Nilitembea hadi mwisho wa mji, nikapita hata mahali ninapopandia gari, na kila gari lililonipita nilijaribu kupima: hili nimelisikia, au nimeliona tu?

Mama yangu anaishi Wamagana, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Ninamwita Mami. Nilipomwambia nina miadi ya daktari wa masikio, alivaa koti lake la kanisani akaja mjini kunisindikiza.

Waliniweka katika chumba kidogo chenye kioo, na kidude mkononi nikibonyeze kila ninaposikia sauti. Mwanzoni nilibonyeza. Kisha pakawa na kimya kirefu, na kupitia kwenye kioo nikamwona dada aliyekuwa akinipima akiniangalia na kusubiri. Nikaelewa kwamba kitu kilikuwa kikilia wakati huo.

Daktari alituchorea sikio kwenye karatasi. Ndani kabisa mna mfupa mdogo kuliko yote mwilini, ambao unapaswa kutikisika sauti inapoingia. Wangu ulikuwa unagandamana, sikio la kushoto na la kulia. Sauti nzito ndizo hupotea kwanza. Mtu mwenye hali hiyo hujisikia mwenyewe kwa nguvu, kwa hiyo huongea chini. Na sokoni husikia vizuri kwa sababu kila mtu kule amepaza sauti.

"Ni muziki umemfanya hivi?" Mami akauliza.

"La, mama. Huu ugonjwa hutembea katika jamaa. Kuna mwingine kwenu asiyesikia?"

Nilisema hakuna. Tulipotoka nje Mami alisimama karibu na ukuta, akatazama magari.

"Dada yangu," akasema.

Dada yake mkubwa, ambaye sisi humwita tata, anaishi Kianyaga, kwa wakulima wa chai. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba ana kiburi. Siku ya mazishi ya baba, Mami alimwita mbele ya watu, akilia, na tata akaendelea kutembea akampa mgongo. Tangu hapo hawakuongea.

Lakini Mami hakuwa tayari kuyaamini yote ya daktari. Mama mkubwa wa mtu anaweza kuwa kiziwi, alisema, na makelele yakawa makelele vilevile. "Daktari amekujua leo. Mimi nimekuzaa." Jumamosi ya wiki hiyo, badala ya kuwa dukani, nilijikuta sebuleni kwake na akina mama watatu wa kanisani. Tulikunywa chai. Kisha mmoja wao akaniomba, kwa upole sana, nifute zile nyimbo kwenye simu mbele yao, ili wakiomba kusiwe na kizuizi.

"Siwezi, mama," nilimwambia. "Samahani."

"Huwezi, ama hutaki?"

"Sitaki."

Mami aliinamisha uso. Hata hivyo waliomba. Walinizunguka wakaniwekea mikono masikioni, mikono yenye joto na harufu ya kitunguu, na sikuweza kuwachukia. Waliomba kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoombea mgonjwa. Mpaka leo sijui walimwomba Mungu nini, kwa kuwa sikusikia hata neno.

Tulikwenda Kianyaga mwezi uliofuata. Mami aliniambia njiani kwamba hatakaa. Tata alikuwa uani akichambua maharagwe, na hakugeuka tulipobisha hodi. Mami alimzunguka akasimama mbele yake. Wale wazee wawili walitazamana. Kisha Mami akaanza kusema, haraka haraka, na tata akainua mkono akamgusa kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga.

"Sema polepole," tata akamwambia. "Nikuone mdomo."

Mami akauliza tangu lini. Tata alisema hajui. Hakuna siku iliyokuja ikasema, leo husikii. "Nilifikiri nyote mmeanza kunong'ona," alisema. "Nikafikiri mnaninong'oneza mimi."

Mami alikaa. Tulilala huko siku ile. Sikumsikia Mami akiutaja muziki wangu tena kama chanzo, ingawa sikumsikia akisema daktari alikuwa sahihi.

Niliporudi dukani, fundi alinisogezea stuli kana kwamba sikukosa hata wiki moja. Afande alikuwa amepewa uhamisho kwenda Murang'a, na maoni yakahamia kwenye simu, kwa maandishi. Kwa mdomo afande ni mtu wa sentensi fupi. Kwa kuandika aligeuka mtu mwingine. Alianza kuniandikia zile sehemu ambazo alijua sizipati. "Wimbo wa tatu, hapo magitaa yananyamaza, besi inaingia kama ng'ombe mkubwa anayerudi zizini, hana haraka, anasukuma wengine kwa ubavu." Nilisoma maneno yake huku nikisikiliza. Kuna nyakati nilidhani naisikia. Sikuwa naisikia, nilikuwa nakumbuka nyingine, za zamani.

Niliogopa upasuaji. Daktari alieleza kwamba huutoa mfupa ulioganda na kuweka mwingine wa kutengenezwa, sikio moja kwanza, na kwamba wengi hupona. Lakini alisema pia kwamba kuna wachache ambao sikio hilo hufa kabisa. Nilikaa na neno hilo miezi mingi. Nilikuwa na nusu ya kitu, na nilitakiwa kuiweka rehani. Mwishowe ni darasani nilikoamua. Msichana mmoja alisoma shairi alilolitunga mwenyewe, darasa likapiga makofi, na mimi nikapiga makofi pamoja nao bila kujua nimesifu nini.

Nilifanyiwa upasuaji Nairobi wakati wa likizo ya Agosti, sikio la kulia. Nilipoamka dunia ilikuwa ikizunguka, na mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma iliyokaa wiki kadhaa. Kila nilichokula kilikuwa kama nalamba ufunguo. Nilimwandikia afande. Akajibu, "Sasa wewe ndiye metali. Sisi ni mashabiki tu." Nilicheka peke yangu kitandani, kichwa kikizunguka.

Walipotoa pamba sikioni nilisikia viatu vyangu mwenyewe sakafuni. Nilisikia Mami akikunja mfuko wa plastiki, kelele ya kutisha. Na nyumbani, baada ya siku kadhaa za kuogopa, niliweka albamu yangu ya chuoni.

Besi ilikuwepo. Ningependa kusema nililia kwa furaha. Nililia, ndiyo, lakini kwa sababu haikuwa ile. Ilikuwa ngumu, ya karibu mno, kama mtu anayekugonga bega akitaka kukuambia jambo. Sahani za dramu zilikwaruza kama msumari kwenye bati. Muziki wote uliegemea kulia, kwa kuwa sikio la kushoto linaendelea kuzama. Daktari anasema kwamba nitazoea, na kwamba tunaweza kufanya la pili nikiwa tayari. Sijamjibu.

Tunakutana bado, afande akipata ruhusa. Nafundisha vizuri zaidi. Mwenzangu aliyeninunia amehamia upande wangu wa kulia. Lakini Jumamosi kuna jambo ambalo halikuwepo. Nikisema albamu fulani ni mbovu, hawabishi upesi kama zamani. Naona jicho la mmoja likimtafuta mwenzake, na natamani mmoja wao anitukane.

Juzi fundi alileta albamu ya vijana fulani kutoka kusini mwa Afrika, watu wa kofia za ngozi na magitaa ya sauti nzito sana. Nikasema imenichosha, kwamba kila kitu kimerundikwa mahali pamoja. Afande alitazama viatu vyake. Fundi aliendelea kukaza skrubu ndogo, kisha akauliza bila kuinua macho, "Mwalimu, ni mbaya, ama ni sikio?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo waziwazi. Nilifikiri kwa dhati.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi turudie wimbo wa kwanza," akasema, akaunyosha mkono kwenye spika. Nikahamisha stuli, nikalielekeza sikio zuri upande wake.