Taa ya Kushoto ya Duane Scharf

Kwa miaka mitatu Ardith Kolbeck aliroweka boliti zenye kutu katika bakuli la kioo lisilokuwa lake. Chini ya bakuli hilo kulikuwa na kipande cha utepe kilichoandikwa SCHARF, kama ilivyo desturi pale Pruett, Nebraska: chombo kinachopelekwa msibani huandikwa jina, ili kirudi kwa mwenyewe. Duane Scharf alilileta limejaa viazi vya jibini siku alipozikwa Verlyn, mume wa Ardith. Viazi Ardith alimpa mbwa. Bakuli alibaki nalo, na kila alipolimiminia dizeli alijisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyetoka kusali.

Chama cha malori ya zamani ya jeshi kina siku moja kubwa, Jumatatu ya mwisho ya Mei, sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa, ambapo malori kumi na manne hutoka uwanja wa ghala la nafaka na kwenda makaburini, maili nane za njia ya vumbi. Lori la mbele hubeba shada la maua. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa la Verlyn. Mwaka wake wa mwisho alikuja na mtungi wa oksijeni na mpira puani, na kwenye ukaguzi taa yake ya kushoto ikakonyeza mara mbili. Akaomba dakika tano aitikise plagi. Duane, aliyekuwa mkaguzi, akatazama saa. "Kitabu ni kitabu, Verlyn," akasema, akikigonga kitabu cha jeshi cha ukaguzi na matengenezo, akampeleka mkiani, na la kwake likapanda mbele. Verlyn alikula vumbi la malori kumi na matatu. Februari akafa. Daktari alieleza kwamba vumbi halikuhusika. Ardith alimshukuru daktari, na kauli ile akaitupa kule kule zilikokwenda viazi.

Nafasi katika msafara hupangwa kwa alama za ukaguzi. Ardith, aliyekuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika karakana ya barabara za kaunti, alilichukua lori la marehemu kutoka nafasi ya kumi na nne akalifikisha ya pili. Mbele yake alibaki Duane peke yake.

Mwaka huo, saa mbili na nusu asubuhi, Orrin Tvedt, katibu wa chama na mshika filimbi, alisimama mbele ya lori la Duane akainamisha kichwa kama anayesoma maandishi madogo.

"Ya kushoto imelala," alisema.

"Haiwezekani. Jana iliwaka!"

"Jana hatukuwa na msafara, Duane. Filimbi saa tatu kamili. Lisipokuwa tayari, wa pili anashika mbele."

Duane aligeuka akamkuta wa pili amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Chamani kuna sheria ambayo hakuna anayekumbuka mwanzo wake: ukiombwa msaada uwanjani kabla ya filimbi, hukatai. Ukikataa, nafasi yako ni mkiani.

"Shemeji," alisema Duane, na neno lilimtoka kwa shida, "nishike mkono."

"Umesikia, Orrin? Ameomba."

"Nimesikia."

"Basi siwezi kukataa," alisema Ardith, akaweka kikombe chini.

Kuujua ugonjwa kulimchukua muda wa kupiga chafya. Majira yote ya baridi Duane alikuwa akilipaka lori rangi, tabaka sita za kijani cha jeshi, na kila tabaka aliisugua kwa mkono. Alikuwa amefungua kila boliti, akapaka chini yake, akairudisha juu ya rangi. Ule waya mfupi wa taa, unaorudisha umeme kwenye mwili wa lori, ambao mafundi huuita ethi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi badala ya chuma. Umeme ulikuja vizuri, ukakosa pa kurudia. Ni ugonjwa wa watu wanaopenda malori yao kwa macho. Kila mwaka Ardith aliwatibu wanne watano. Dawa yake ni kisu na dakika moja.

"Lete kitabu," alisema.

"Cha nini? Si unajua, shemeji?"

"Mimi najua nini, bwana, mbele ya kitabu? Sheria yako mwenyewe hiyo. Hakuna kutengeneza uwanjani ila kwa kitabu, hatua kwa hatua, mmoja asome, mmoja afanye."

Ilikuwa kweli. Miaka miwili nyuma mwanachama mmoja aliunguza nyaya zake kwa kubahatisha, na Duane akatoa hoja. Ardith ndiye aliyeiunga mkono. Watu walidhani amesamehe.

"Hatua ya kwanza," Duane alisoma. "Betri."

Ardith alifungua sanduku la betri bila haraka. "Hii, volti kumi na mbili na nusu. Na mwenziwe, kumi na mbili na nusu. Andika."

"Taa ya kulia inawaka! Betri zitakuwaje mbovu?"

"Nani kasema mbovu? Nimesema andika."

Wakaenda kwenye swichi yenye vishikio vitatu, ambayo lazima unyanyue kimoja ndipo kingine kizunguke. Ardith aliizungusha kila upande. Wakaenda kwenye kitufe cha mguuni cha taa kali na taa hafifu. Alilitoa zulia, akalikung'uta, akalikunja. Wenye malori walianza kusogea na maandazi yao mkononi.

"Duane, lifunge kitambaa jicho moja liende kama haramia!"

"Mwacheni, linamkonyeza mjane!"

Hilo la pili halikuchekwa sana. Ardith aliihamisha balbu ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kama kitabu kinavyotaka, na ya kushoto ikabaki imelala. Saa tatu kasoro dakika saba walifika ukurasa wa ethi.

"Aa," alisema Ardith. "Ni hapa. Rangi imekaa kati ya waya na chuma. Kwangua." Akampa kisu. Kilikuwa cha Verlyn.

Duane alikitazama kisu, akalitazama bati linalong'aa. "Hapa mbele?"

"Duara kama la kifungo cha shati."

"Waamuzi wa jimbo wanakuja saa sita kupima rangi. Hizi ni tabaka sita."

"Naziona. Kazi safi."

"Hakuna pengine pa kuufunga?"

Palikuwapo. Nyuma ya bampa kulikuwa na tundu la zamani, chuma kitupu, ambalo mwamuzi angelazimika kulala chini alione. Ardith alilijua tundu lile kama anavyojua mifuko yake.

"Kitabu kinasema hapo," alijibu, na hakusema uongo.

Kisha akarudi nyuma hatua mbili. Duane angeweza kukwangua akamaliza. Alikuwa na dakika sita. Badala yake alitafuta utepe wa kuzuia rangi. Akabandika pembe nne, akabandua moja iliyokwenda upande, akaibandika tena. Akauliza nani ana msasa laini. Akaletewa, akasema si laini. Alipokigusa chuma kwa ncha ya kisu, Orrin alipuliza filimbi.

"Dakika tano tu, Orrin!"

Orrin, ambaye mwaka ule wa Verlyn alikuwapo, alitazama saa yake, akatazama viatu vyake. "Mkiani, Duane. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Shada lilihamishwa. Duane alimfuata Ardith hadi mlangoni pa lori lake.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Tangu uliponiita."

"Verlyn asingenifanyia hivi."

"Hata kidogo. Angekukwangulia mwenyewe, na kitambaa cha kufutia angekupa. Verlyn alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana alikula vumbi."

Akatoa chini ya kiti bakuli la kioo, akamwaga boliti kwenye ndoo, akaenda nalo hadi lori la Duane. Akaliweka juu ya boneti, lilivyo, likitiririka dizeli, jina likiwa limeangalia chini. Chombo cha msiba hurudi kwa mwenyewe.

Mvua haikuwa imenyesha Pruett kwa wiki tatu. Maili ya pili, njia ilipopinda, Ardith aliuona mkia wa msafara kwenye kioo cha pembeni. Ndani ya lile wingu la vumbi taa mbili za Duane zilikuwa zikiwaka, sawasawa, ya kulia na ya kushoto. Alijipekua moyoni atafute huruma, akaona si jambo la kuharakisha mwaka huu, akakanyaga mafuta kidogo zaidi.