Tairi la Nyuma la Kipkoech

Jemutai alifika kwa wakwe zake Elburgon saa tatu asubuhi, barua ya naibu wa chifu mkononi, spana zake kwenye kikapu. Hakuna aliyemkaribisha ndani. Shemeji yake, Kibii, aliisoma barua polepole, akaingia stoo, akatoka na gunia na kulimwaga chini. Vyuma vikalia kwenye changarawe.

"Tairi lako hilo," alisema.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu Kipkoech, mumewe Jemutai, aangukiwe na gogo kwenye kiwanda cha mbao. Wiki mbili baada ya mazishi, Kibii alijaribu kuiendesha pikipiki ya marehemu. Ilikuwa ya Kiingereza, ya mwaka wa 1962, gia mguu wa kulia, breki wa kushoto. Kibii, aliyezoea boda boda za siku hizi, alikanyaga gia akidhani ni breki, akaingia nayo kwenye ua wa michongoma. Hakuipanda tena. Lakini aliposikia Jemutai anarudi kwao Keringet na pikipiki, alifungua tairi la nyuma akalificha, akasema mali ya boma haiendi na mwanamke. Jemutai akamshtaki kwa naibu wa chifu.

Kipkoech aliinunua ikiwa mifupa mitupu. Kwa miaka sita, kila Jumapili baada ya kanisa, mke na mume walichafuka grisi pamoja. Spoki za tairi hilo alizifunga Jemutai, moja moja.

Sasa alipiga magoti peke yake kando ya pikipiki, iliyoegemea ukuta wa stoo. Alipaka beringi grisi, akarudisha breki ndani ya ngoma yake, kile kikopo cha chuma katikati ya tairi, akaliinua tairi na kulishikilia kwa goti huku akisukuma ekseli ipite katikati. Mama mkwe alitoka jikoni, akasimama mlangoni.

Ekseli ilipita, lakini tairi lilicheza huku na huku. Jemutai akapekua changarawe, kisha gunia.

"Bushi iko wapi?"

"Bushi gani?"

"Ya upande wa breki. Kibomba kinachovaliwa na ekseli, urefu kama kidole."

"Kila kitu ilikuwa kwa gunia. Barua ilisema tairi. Tairi umepewa."

"Shemeji, unajua bila hiyo siwezi kwenda popote."

"Basi iache."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Kibii alitabasamu. Jemutai alitamani kumrushia spana. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mabaki ya bomba la tangi la maji, akarudi na kipande. Alipima pengo kwa unyasi, akatoa msumeno wa chuma kikapuni na kuanza kukata.

"Hilo bomba ni la boma," Kibii alisema.

"Andika barua."

Kibii alimsogelea. Mama mkwe akanena, macho yake yakiwa pengine, "Mwache amalize aende." Hakukuwa na huruma katika sauti yake.

Jemutai alisugua kipande hicho juu ya jiwe hadi kingo zikalainika. Kiliingia kwa shida, na tairi likatulia. Alirudisha cheni, akaivuta sawa pande zote mbili, akakaza nati kwa uzito wa mwili wake wote. Alizungusha tairi, akakanyaga breki. Lilisimama. Teke la tatu, injini ikaitika.

Kibii alikuwa amesimama katikati ya lango.

"Ukitoka na hiyo, usirudi hapa. Hata kwa kaburi."

Kaburi lilikuwa pale pale, ng'ambo ya mahindi, udongo wake bado haujashuka. Jemutai alilitazama kwa muda mrefu, injini ikinguruma chini yake.

"Nimesikia," alisema, akaachia klachi.

Kibii alisogea kando dakika ya mwisho.

Baada ya kukipita kiwanda cha mbao alisimama na kushika kitovu cha tairi, kuona kama bushi yake inakwaruza. Hakikuwa na joto, na nati haikuwa imelegea. Alifuta grisi mikononi kwa nyasi za kando ya barabara, ndipo akashika njia ya Molo.

Kibii hakubadili neno lake. Mwaka ulipotimia na familia kufanya ibada ya kumkumbuka Kipkoech, majirani walialikwa, watu wa kiwandani wakaalikwa. Jemutai alipata habari wiki moja baadaye, sokoni Keringet, kutoka kwa mwanamke aliyedhani Jemutai naye alikuwepo.