Kompyuta Ndani ya Kidaka

Harufu ya chokaa mbichi ina ubaridi wake. Hupanda puani kama hewa ya kisimani, ikashuka kooni na kukaa huko, hata mkate wa asubuhi ukawa na ladha ya ukuta. Mpaka leo nikipita Mji Mkongwe mahali wanapokarabati nyumba nikainusa, moyo hunishuka kabla sijajua kwa nini. Ni harufu ya mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka ambao dada yangu Zuwena alipata mchumba, na Mama akaamua nyumba yetu ya Kiponda ipakwe chokaa yote, kuanzia ukumbini hadi jikoni, kabla wanawake wa upande wa mwanamume hawajaja kututazama. Mafundi walikaa wiki nzima. Tulikula na chokaa, tukalala na chokaa, na nywele zangu zikawa za bibi kizee.

Kompyuta ilikuwa imefika miezi michache kabla, imeviringishwa ndani ya mablanketi mawili, zawadi ya Baba kutoka Maskati alikokwenda kufanya kazi tangu nina miaka sita. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mimi na yeye tulishindana mbio za magari, yeye kule na mimi huku, simu ya Zuwena ikiwa pembeni imewekwa spika ili tusikilizane. Gari lake lilikuwa jekundu, langu la buluu. Modemu yetu ilikuwa ya kusuasua, na gari la Baba lilikuwa likipotea kwenye kona moja na kuibukia nyingine. Hakuwa mtu wa maneno. Siku nyingine akipiga simu aliuliza habari za shule, nikajibu nzuri, basi, yamekwisha. Lakini kwenye mbio alikuwa mtu mwingine kabisa. Alicheka, alilalamika, alipiga kelele, "Mwizi weye! Umenikatia njia!" Huyo ndiye baba niliyekuwa naye, wa saa moja kwa wiki, na nilimpenda kwa pupa. Mama saa hiyo alikuwa jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hakuja hata mara moja kumsalimia mumewe, na mimi, kwa ujinga wangu, sikujiuliza kwa nini.

Chokaa ilipoanza kukauka, Mama aliniita. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya kulia, chini ya dirisha la ukumbini, na waya zake zilining'inia hadi sakafuni zikikutana kwenye ekstensheni iliyofungwa na utepe.

"Thuwaiba!"

"Naam, Mama."

"Wageni wanakuja Alhamisi. Sitaki kuona waya hata mmoja. Mashine yako itafutie mahali pa heshima, upange mwenyewe. Ukishindwa, nnaipeleka Mlandege ikauzwe, na sitanii."

Hakuwa akitania. Nilimpigia Baba kwa simu ya Zuwena, nikamweleza. Alinijibu kwa haraka kama mtu aliyeitwa na wengine. "Weka popote, mwanangu, ila ipate hewa. Usiibane. Ile inapumua kama miye na weye."

Nikachukua penseli na daftari la hesabu, nikachora ukumbi wetu. Najiona nilivyojilaza kifudifudi sakafuni, nikipanga na kufuta kama mhandisi. Chumbani kwetu palikuwa na hewa lakini hapakuwa na umeme. Chini ya ngazi palikuwa na umeme, lakini mvua ikinyesha maji huingia. Chini ya dirisha ndipo palipofaa kuliko kote, ila huko ndiko mgeni anakotupia jicho akivuka mlango. Nilikuwa nataka vitu viwili visivyokaa pamoja: meza ambayo Mama ataitazama asikunje uso, na mashine iliyo tayari Ijumaa kwa mbio. Ndipo nikakiona kidaka. Nyumba za kwetu zina vishimo hivyo vya kuwekea mapambo, vilivyoachwa ndani ya kuta nene, na kimoja ukumbini kilikuwa kikubwa, kilichokuwa na sahani za bibi mzaa mama. Niliziondoa sahani. Lile boksi la mashine, sipiyu yenyewe, liliingia kidakani kama lililopimwa. Waya nilizipitisha nyuma ya kabati nikazifunga kwa utepe wa nywele, kioo cha kompyuta nikakiweka juu ya kabati hilo na kukifunika kitambaa cha kudarizi, kibodi na pedi za kuchezea zikaingia kwenye droo, na mbele ya kidaka nikatundika pazia la lesi. Ukuta wa ndani ulikuwa bado wa baridi. Niliupapasa, kiganja kikatoka cheupe na chepechepe kwa maji. Nilijua haujakauka. Nilifuta mkono kwenye gauni.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu ukumbi. Mmoja wao alisema nyumba hii ina utulivu, na Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Posa ikakubaliwa. Usiku ule Mama alinibusu kipajini akaniambia nina mikono ya mwanamke mwenye nyumba yake. Nilijiona nimefaulu pande zote mbili, na nilifurahi sana.

Ijumaa iliyofuata tulishindana, nikafungwa. Ijumaa ya pili nilikuwa mbele, gari jekundu linanifuata nyuma, nasikia Baba akicheka, mara kioo kikawa cheusi na harufu ya kitu kilichoungua ikatoka nyuma ya lesi. Zuwena alinisindikiza kwa fundi Mlandege, sipiyu imefungwa kwenye kanga. Fundi alifungua ubavu wake, akatazama ndani, akanitazama mimi. Feni ilikuwa imegandwa na uji mweupe, na vyuma vimeanza kutu ya kijani. "Bibie," aliniambia, "hii mmeiweka kaburini?" Alisema kifaa kimoja mpaka kiagizwe, tupite wiki ijayo. Tukapita wiki ijayo, na ijayo yake. Nilimwambia Baba kwamba tuna tatizo la umeme. Nilimdanganya kwa sababu alinionya nisiibane, nami nikaibana. "Haya mwanangu," alijibu, "ikitengemaa nambie." Mwanzoni aliuliza kila Ijumaa. Baadaye aliuliza mara moja moja. Halafu simu zenyewe zikapungua.

Mashine ilirudi wakati harusi ya Zuwena imeshapita. Niliiweka chini ya dirisha, waya zote nje, na Mama hakusema neno, jambo lililonitisha kuliko kama angenigombeza. Ijumaa nikafungua mchezo, gari langu la buluu likasimama kwenye mstari peke yake. Nilipiga simu Maskati. Ikapokewa na mtoto mdogo.

"Namtaka Baba," nilisema.

"Baba anacheza gari na miye," akanijibu, na nyuma yake nikasikia sauti ninayoijua ikicheka na kupiga kelele, "Mwizi weye, Hamed! Umenikatia njia!"

Nilikata simu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono imelowa. Sijui alisimama hapo tangu lini. "Zima, mwanangu," alisema taratibu. "Njoo ule." Zuwena alijua, majirani walijua, na pengine hata wale wageni wa posa walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikichora ramani.

Siku hizi ninakaa mtaa wa Amani, na nina meza ambayo watu wakija huipiga picha. Nimeichagua kwa miezi. Kioo kimeshikwa ukutani, waya zimepita ndani ya mfereji wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta, na mashine iko kwenye rafu ya wazi, hewa inaingia mbele na kutoka nyuma. Ni safi, na inacheza mchezo wowote utakao. Nimeweka viti viwili na pedi mbili. Mwaka jana Baba alirudi, mzee, kifua kinamsumbua, mke na mtoto wa kule wamebaki kule, na Mama hataki kulisikia jina lake, kwa hiyo anakaa kwangu. Akili yake ni nzima. Anakumbuka nyumba zote za Kiponda na nani alikaa wapi. Ijumaa moja baada ya chakula nikamketisha mezani, nikafungua mbio za magari, nikamchagulia gari jekundu. Aliigeuza pedi mikononi.

"Nini tena hii?"

"Gari, Baba. Tulikuwa tukishindana miye na weye, kila Ijumaa. Hukumbuki?"

Alifikiri kwa uaminifu, namwona, alijaribu kweli. Miaka yote nilikuwa nimejilaumu kwa kidaka kile, nikiamini kwamba mikono yangu ndiyo iliyomzima.

"Utakuwa umechanganya, mwanangu," alisema kwa upole. "Alokuwa akicheza gari na miye ni Hamed."

Nikamwambia huenda. Nilizirudisha pedi mbili kwenye droo, nikaisukuma, nikafuta alama za vidole vyake, na meza ikawa safi kama ambayo haijawahi kukaliwa na mtu.